Makongoro katika Somo la Saratani

Kwa miaka miwili mfululizo nilipofundisha saratani ya matiti katika chuo kimoja cha afya jijini Mbeya, wanafunzi wangu waliandika kwenye mtihani kwamba uvimbe huwa mgumu kwa sababu seli zimesongamana. Kosa lilikuwa langu. Nilikuwa nikizungumzia seli kwa saa nzima, kisha protini za kiunzi kinachozizunguka, yaani kolajeni, fibronektini na laminini, nikazitaja harakaharaka kama mwalimu anayeita mahudhurio.

Ufumbuzi niliupata asubuhi moja ya Julai kwa mama anayeuza supu karibu na soko la Mwanjelwa. Supu ya makongoro iliyolala ilikuwa imeganda kwa baridi kiasi kwamba mwiko ulisimama wenyewe. Nilipomweleza kwamba kilichoganda ni kolajeni iliyoyeyushwa na moto, alinijibu, "Mwanangu, kongoro la ndama halisumbui, la ng'ombe mzee ndilo linalonimalizia mkaa."

Jibu hilo lilikuwa somo zima. Nyuzi za kolajeni za mnyama mzee zimefungana kwa vifundo imara, hivyo moto huzilegeza kwa shida. Katika uvimbe pia, kimeng'enya kiitwacho laisili oksidesi, ambacho hakifanyi kazi bila madini ya shaba, huanzisha vifundo vya namna hiyo mpaka tishu ikakakamaa.

Wiki iliyofuata nilichemsha kongoro la ndama na la ng'ombe mzee kwa muda uleule, nikawataka wanafunzi wavibonyeze vipande hivyo wakiwa wamefumba macho, na hakuna aliyekosea. Ndipo nilipowaeleza kwamba seli hukishika kiunzi kwa vipokezi viitwavyo integrini, na kwamba seli ya saratani inapohisi ugumu huvuta kwa nguvu zaidi, huku ishara za kuihimiza igawanyike na kuhama zikiongezeka.

Sehemu iliyonitoa jasho ni pale niliposema kwamba saratani hiyohiyo hutumia vimeng'enya vyenye zinki kuukata utando wa laminini na kolajeni unaoizuia kupenya. "Mwalimu, sasa inajenga au inabomoa?" aliuliza binti mmoja. Nilimjibu kwamba hufanya yote mawili, kisha nikawasimulia jaribio la mwaka 1997 la mtafiti wa saratani Mina Bissell na wenzake huko Marekani. Walikuza seli za saratani ya titi katika jeli yenye laminini nyingi, na walipoizuia integrini moja, seli zilirudi kujipanga kwa utaratibu kama seli za kawaida, ingawa kasoro za jeni zao zilibaki palepale.

Swali ambalo sikulitarajia lilitoka nyuma: "Kwa hiyo supu tuiache?" Nilieleza kwamba kolajeni inayoliwa humeng'enywa kuwa amino asidi, kama protini ya maharage, wala haiendi ikiwa nzima kujenga uvimbe. Siku hizi hilo nalisema kabla sijafunua sufuria.