Jelikoti au Rangi: Ubavu wa Boti ya Ami

Mabishano juu ya ubavu wa boti ya ami yangu yalianza wakati wa mvua za vuli mwaka 2015 na hayakwisha mpaka kaskazi iliposhika mwezi wa Januari uliofuata, na hadi leo siamini kwamba sote tuliobishana tulikuwa tukibishania jambo moja. Ami alikuwa akizungumzia heshima ya chombo chake. Fundi wa faiba aliyetoka Dar es Salaam alikuwa akizungumzia kazi anayoweza kuifanya chini ya makuti bila kuja kulaumiwa. Na mimi, niliyekuwa nikishika daftari la hesabu, nilikuwa nikizungumzia fedha. Swali lenyewe lilikuwa fupi: ubavu uliochakaa urudishiwe jelikoti, yaani lile gamba la rezini (utomvu wa kiwandani unaoganda) yenye rangi ambalo boti ya faiba huzaliwa nalo, au upakwe rangi?

Boti hiyo ya futi 24 ami aliinunua Dar ikiwa imekwisha kutumiwa na wengine, akaileta Nungwi, kaskazini mwa Unguja, ili ichukue wageni wanaokwenda kuogelea kwenye matumbawe ya Mnemba. Buluu yake iliyokoza ndiyo iliyomvutia siku ya kuinunua, na buluu hiyohiyo ndiyo iliyokuwa ya kwanza kumwangusha, kwa kuwa rangi iliyokoza huonyesha upesi madhara ya jua ambayo nyeupe huyaficha kwa miaka. Ukipitisha kiganja ubavuni, kilitoka na unga mweupe. Wenye boti waliotangulia walikuwa wakiuondoa unga huo kwa msasa wa maji na kompaundi ya kung'arishia, nasi tulipokea desturi hiyo bila kuuliza. Chombo kiling'aa kwa msimu mmoja, kisha kikafifia tena.

Fundi alipofika hakusema neno mpaka alipoagiza ndoo ya maji baridi, yaani yasiyo ya chumvi, akaumwagia ubavu wote kuanzia tezi, yaani nyuma, hadi omo, yaani mbele. Maeneo mengi ya nyuma yaliporowana, buluu ilirudi, na hiyo ilikuwa dalili kwamba jelikoti ya huko imeungua juu tu na bado ina kina cha kung'arishwa. Lakini karibu na omo, mahali ambapo boti hupigwa zaidi na jua na kusuguliwa na kamba ya nanga, maji hayakurudisha kitu. Aliniita nisogee, akanielekeza niangalie kwa pembeni, nami nikaona mistari iliyokatizana ya kitambaa cha faiba ikichungulia chini ya wekundu wa jioni na buluu iliyobaki kama ukungu. Kisha akatoa mfukoni kipande cha boti nyingine iliyokatwa, akanionyesha ukingo wake: jelikoti ilikuwa na unene wa kucha, nusu milimita hivi, na baada yake ilikuwa faiba tupu.

"Hiki ndicho mlichokuwa nacho," alisema. "Hapa mbele kimekwisha kusagwa chote. Kompaundi sasa itang'arisha nini?"

Chini ya mstari wa maji hali ilikuwa ya namna nyingine. Kulikuwa na malengelenge machache, madogo, ambayo mtu asiyetafuta asingeyaona. Fundi alilitoboa moja kwa ncha ya msumari, likatoa tone la maji ya kahawia yenye harufu kali ya siki. Maji ya bahari hupenya jelikoti polepole, hasa katika bahari ya joto kama yetu ambako chombo hakitoki majini kwa miezi, yakakutana na mabaki ya rezini ambayo hayakuganda sawasawa, na kinachozaliwa hapo ni tindikali inayosukuma gamba kutoka ndani. Ami aliinusa ile ncha ya msumari, akaufuta mkono wake kwenye kikoi, na kwa mara ya kwanza tangu asubuhi alinyamaza.

Hata hivyo, alipopata sauti yake alishikilia jelikoti. Hoja yake haikuwa ya kupuuzwa. Boti yetu haikuwa boti ya gatini. Ilipwelewa mchangani kila bamvua, yaani maji makubwa, ikasukumwa na vijana wanne, ikaegeshwa kando ya ngalawa ambazo ndubi zake, yale mabao ya pembeni ya kuziweka sawa, hazina adabu, na wageni walipanda kwa ngazi ya chuma iliyokuwa ikigonga ubavu kila wimbi linapokuja. Alisema kwamba rangi, hata ile bora ya makopo mawili, moja la rangi na jingine la hadina ya kuigandisha, haifikii hata robo ya unene wa jelikoti, na kwamba mkwaruzo ambao jelikoti ingeubeba bila kuonyesha kitu, kwenye rangi ungefika hadi kwenye praima, yaani rangi ya msingi. Katika hilo alikuwa sahihi kabisa, maana tabaka zote za rangi zikishakauka ni kama moja ya kumi ya milimita, na jelikoti iliyokwaruzika unaweza kuijaza, kuisaga na kuing'arisha mpaka kiraka kisijulikane, jambo ambalo rangi haikubali kwa urahisi.

Fundi alimsikiliza kwa adabu, akamwita mzee wangu, kisha akamweleza kitu ambacho nadhani wengi wanaonunua boti za faiba hawajapata kuelezwa. Jelikoti hupuliziwa ndani ya kalibu kwanza, kabla ya faiba kulazwa juu yake. Kwa hiyo uso wake wa nje huganda ukiwa umebanwa na kalibu iliyong'arishwa, na boti inapotolewa hutoka iking'aa bila kuguswa na msasa. Ukiipaka kwa nje, mambo hugeuka. Hewa huizuia kuganda juu, ikabaki ikinata vidoleni, mpaka ichanganywe na nta ambayo huelea na kuufunika uso wake. Kisha nta iondolewe, na uso wenye mabonde na vilima usagwe kwa msasa namba 220, halafu 320, 400, 600, 800 na 1000, ndipo kompaundi ifuate. Yote hayo yafanywe kwa mkono, au kwa mashine ya kusagia inayotegemea umeme ambao siku hizo ulikuwa ukikatika alasiri.

"Vijana wapo," ami alijibu.

"Vijana wapo, mzee wangu, lakini kijana aliyechoka humaliza kona kwa kuibonyeza. Watasaga mpaka waifikie faiba tena, na mimi ndiye nitakayeitwa."

Usiku ule nilikaa na daftari. Kwa kopo, jelikoti ilikuwa rahisi kuliko rangi ya poliyurithani, na kwa sababu hiyo ami alidhani hesabu iko upande wake. Lakini pande mbili za boti juu ya mstari wa maji zilikuwa na mita za mraba 13 hivi, na nusu milimita ya jelikoti juu ya eneo hilo ni karibu lita 7, bila kuhesabu ile itakayogeuka vumbi chini ya msasa. Rangi ilihitaji praima ya epoksi, ambayo ni rezini ya aina nyingine, na tabaka mbili au tatu za juu, lita 4 za rangi zingetosha, na baada ya tabaka la mwisho hakuna tena kazi. Nilipoongeza malipo ya wasagaji, msasa wenyewe, na siku ambazo boti ingekaa nchi kavu katikati ya msimu wa wageni, jelikoti ikawa ndiyo ghali. Nilimpelekea ami hesabu hiyo asubuhi, akaisoma mara mbili, akanirudishia bila neno.

Siku chache baadaye alipita mzee mmoja, fundi wa majahazi ambaye mikono yake ilikuwa haijawahi kushika faiba kwa mapenzi. Alisimama, akasikiliza pande zote mbili, akatabasamu. Katika ujana wake, alisema, chombo kilipopandishwa kilipakwa shahamu ya chokaa na mafuta ya mnyama sehemu ya chini na sifa, yaani mafuta ya maini ya papa, sehemu ya juu, na baada ya muda kilirudishwa kikakwanguliwa na kupakwa tena, wala hakuna aliyekaa barazani kujadili ni kipi kitakachodumu miaka 10. Ami alicheka kwa kulazimika. Nakiri maneno yale yalinisaidia mimi kuliko yeye, kwa sababu yalinifanya niulize swali ambalo hatukuwa tumeliuliza: mara ya pili tutafanyaje?

Nilimuuliza fundi, na jibu lake ndilo lililokuwa zito kuliko yote aliyosema. Epoksi hushika vizuri sana juu ya jelikoti ya zamani, lakini jelikoti, ambayo ni rezini ya poliesta, haishiki vizuri juu ya epoksi. Kwa maneno mengine, aliyeanza na jelikoti anaweza kuhamia kwenye rangi siku yoyote, ila aliyekwisha kupaka praima ya epoksi amejifungia. Akitaka kurudi kwenye jelikoti itambidi aikwangue epoksi yote mpaka aione faiba. Kumbe hatukuwa tukichagua kati ya vitu viwili vilivyokaa sambamba mezani. Tulikuwa tukichagua njia ya kwenda na kurudi dhidi ya njia ya kwenda tu, na sehemu mbalimbali za boti zilihitaji njia tofauti.

Hapo ndipo mabishano yalipopata mlango wa kutokea. Nilipendekeza, na fundi akaniunga mkono, kwamba mkuku, yaani uti wa chini wa boti, na ukanda wa chini unaosuguliwa na mchanga upewe faiba mpya na jelikoti, kwa kuwa hapo tutarudi kutengeneza kila mwaka na hakuna anayeangalia mng'ao. Na kwamba ubavu wa juu, ambao unahitaji kupendeza na haukuwa na jelikoti ya kutosha kuokolewa, upakwe rangi. Ami aliuliza swali moja tu, kama rangi hiyo itakuwa buluu. Fundi alimshauri nyeupe. Ami alisema buluu, na suala hilo halikufunguliwa tena.

Kazi ya poliesta ilitangulia yote, kabla ya kopo lolote la epoksi kufunguliwa. Hadina ya jelikoti hutiwa kati ya asilimia 1 na 2, na kwa joto la Januari fundi alikaa karibu na 1 bila kushuka chini yake, akichanganya kidogo kidogo kwenye sinia pana, maana ikiachwa nyingi ndani ya kopo hupata moto na kuganda kabla ya brashi kurudi. Mkuku ulipokwisha kuganda na kusagwa, malengelenge yalifunguliwa, yakaoshwa kwa maji baridi, yakaachwa wazi mpaka yakauke kabisa, ndipo yakajazwa fila, yaani kijazio, ya epoksi.

Rangi ya juu hatukuipulizia. Hadina ya poliyurithani ina isosayaneti, ambayo ikiwa mvuke hudhuru mapafu vibaya na kumwachia mtu pumu, na fundi hakuwa na barakoa inayoletewa hewa safi kwa bomba. Isitoshe, pwani ya Nungwi haikosi watoto. Alitumia rola ya sponji na brashi. Alitangulia yeye na rola, akiweka ukanda mwembamba wa upana wa mkono, nami nikamfuata na brashi pana karibu kavu, nikiupitia ukanda ule mara moja kutoka juu kwenda chini, bila kukandamiza na bila kurudi nyuma, hata kama nimeona kasoro. Ukirudi, rangi imekwisha kuanza kushika na alama ya brashi hubaki. Tulianza umande ulipokauka na kuacha kabla jua halijauchoma ubavu, kwa sababu rangi inayokauka haraka mno hutoa vipovu, na inayoshikwa na unyevu wa jioni hupoteza mng'ao. Chini ya makuti tulifunga turubai ili vumbi la makuti lisidondoke kwenye rangi mbichi. Lilidondoka hata hivyo, kidogo, upande wa kulia karibu na shetri, kule nyuma, na ukijua pa kuangalia utaliona.

Miaka iliyofuata iliwapa wote wawili haki yao. Buluu ilisimama juani bila kutoa unga. Lakini ndubi ya ngalawa moja ilichora ubavu mstari uliofika kwenye praima, na kiraka tulichoweka, ingawa rangi ilikuwa ya kopo lilelile, kinaonekana kila jua likipiga kwa pembeni, na ami hakukosa kumwonyesha kila mgeni wa barazani. Mkuku huwa tunaujaza jelikoti wenyewe kwa kopo dogo wakati wa bamvua, kazi ambayo vijana wameizoea kiasi kwamba hawaniiti.

Mwaka 2021 ami alinunua boti ya pili, nyeupe, ambayo jelikoti yake ilikuwa bado nene hata kwenye omo. Aliimwagia maji yeye mwenyewe kabla ya kulipa. Fundi alipokuja kuiangalia, ami alimkaribisha kahawa, akamwagiza kompaundi na nta ya kung'arishia, na akamwomba makopo ya epoksi ayaache Dar.