Jinsi nilivyotatua mkanganyiko wa ofa na mwaliko darasani

Wanafunzi wengi wa sheria ya biashara hushikilia kwamba bei ikishabandikwa, muuzaji amefungwa, yaani lazima auze kwa bei hiyo. Wanachanganya ofa (pendekezo ambalo likikubaliwa mkataba umefungwa) na mwaliko (kuwaita watu watoe ofa). Chanzo ni mpangilio wa somo: ukianza na kesi ya Kiingereza ya Carlill (1893), ambamo tangazo la kampuni ya dawa lililoahidi zawadi lilihesabiwa kuwa ofa, wanaona kila tangazo ni ofa.

Niligeuza mpangilio. Kwanza kesi ya Fisher v Bell (1961): kisu chenye bei kwenye dirisha la duka ni mwaliko tu. Halafu kesi ya Boots (1953), duka la dawa la kujihudumia: mnunuzi ndiye anayetoa ofa, muuzaji hukubali kwenye kaunta ya malipo. Hapo naweka mezani khanga yenye kibandiko cha shilingi 8,000, mwanafunzi mmoja awe muuzaji, mwingine mnunuzi. Kila kauli nasimamisha, darasa liseme: mwaliko, ofa au kukubali? "Nipe kwa elfu sita" hunogesha kipindi kweli kweli. Muuzaji akijibu "ongeza elfu", ofa ya kwanza imekufa, na hapa ndipo wengi huteleza.

Carlill huja mwisho, na swali moja: kwa nini tangazo hili lilifunga? Wanalisoma hadi wakutane na pauni 1,000 ambazo kampuni iliweka benki kuonyesha nia ya dhati. Ndipo tunafungua kifungu cha 2 cha Sheria ya Mikataba ya Tanzania, Sura ya 345, kinachofafanua ofa na kukubali.