Umesimuliwa

Jumapili usiku Fadhili kachomeka fleshi kwenye runinga, akaniuliza kama nimewahi kuona The Gods Must Be Crazy. Nikacheka. Mimi tena? Morogoro nyumbani tuliiita "sinema ya chupa", na kanda yake tuliirudia mpaka picha ikawa inaruka. Nikamwambia kaa hapo, mamdogo wako akuoneshe.

Basi rubani katupa chupa ya soda, imeangukia Kalahari kwa kina Xi, Wasan wa jangwani. Wakaitwangia, wakaipigia muziki, mwisho wakaanza kuigombania, mtoto mmoja akampiga nayo mwenzake kichwani. Hapo mimi nimeshaanza kujishika mbavu, maana najua kinachofuata: "Mungu gani huyu, soda kainywa mwenyewe, chupa katushushia sisi!" Nikasubiri. Kimya. Mzungu anaendelea kusimulia kwa upole kama anasoma taarifa ya habari. Nikabaki na kicheko changu mdomoni, kama mtu aliyeitikia salamu isiyo yake.

"Mamdogo, unacheka nini?"

Nikamweleza kwamba yetu ilikuwa ya tafsiri, kuna jamaa alikuwa anaongea juu ya picha mwanzo mwisho, na utani wake mwenyewe humo humo.

"Aah," akasema. "Basi hii filamu hujawahi kuiona. Umesimuliwa."

Hakusema kwa ubaya. Alikuwa anatafuna karanga, na ganda moja lilikuwa limemganda kwenye mdomo wa chini. Mtoto nimembeba mgongoni huyu, sasa yuko chuo mwaka wa pili. Wala si hiyo "umesimuliwa" iliyoniuma sana, ni ile "basi". Kama karani anayefunga faili.

Wiki hii wifi kajifungua salama mtoto wa kiume, na mimi nimeambiwa kuanzia mwezi ujao nahamia duka la Buguruni, lakini ukiniuliza nimefikiria nini tangu Jumatatu, ni hiyo "basi" tu. Nahesabu vidonge, basi. Nimening'inia kwenye daladala, basi. Nimeshatunga majibu kama sita hivi, yote mazuri, yote yamechelewa.

Maana kweli, niliona nini mimi? Ile Land Rover isiyo na breki, inayoishia kuning'inia juu ya mti, kwenye filamu yenyewe inaitwa Mpinga Kristo. Kwetu iliitwa Mama Mkwe, kwa sababu ikishaanza haisimami. Nikimwita Mpinga Kristo simtambui. Nikimwita Mama Mkwe nacheka mpaka leo.

Jumatano Nasra alipolala nikaichomeka tena peke yangu. Fleshi Fadhili aliisahau (husahau kila kitu isipokuwa chaja). Na safari hii nikasikiliza vizuri. Xi anaongea, ulimi unagonga kaakaa, vilevile kama yule rafiki yangu Msandawe wa bwenini tuliyekuwa tunamlazimisha ataje jina la bibi yake. Anaongea na chini hakuna maandishi. Hakuna! Mzungu ndiye anayetuambia Xi kasema hivi, Xi kawaza vile. Halafu Xi kampiga mshale mbuzi wa watu, kapelekwa mahakamani, na pale mahakamani Mpudi, yule fundi wa Land Rover, ndiye anayemkalimania. Kwa hiyo filamu yenyewe ina mtafsiri, na ndani yake kuna mtafsiri mwingine!

Nilipiga makofi peke yangu sebuleni saa tano usiku. Nikachukua simu, nikamwandikia Fadhili: "Na wewe umesimuliwa." Nikaangalia yale maneno. Sikutuma, nikasema acha kwanza filamu iishe.

Bora ningetuma, maana kidogo tu akaingia Sam Boga na watu wake. Kwetu hao walikuwa majambazi, mtafsiri aliwaita hivyo tangu wanatokea hadi wanakamatwa. Kumbe ni wapiganaji wa msituni. Filamu ni ya 1980, mwongozaji ni Jamie Uys wa Afrika Kusini, makaburu wakiwa bado wametawala, na wapiganaji ndio mazuzu wa kuchekwa, wanacheza karata bunduki zikiwa pembeni.

Marehemu baba alikuwa seremala Mazimbu, mnaomfahamu mnajua. Vijana wa ANC, wapigania uhuru wa Afrika Kusini, waliokuwa wakisoma pale mpaka walipoondoka 1992, baba aliwatengenezea vitanda na madawati, wengine walikuja kula ugali kwetu. Na baba huyo huyo alikaa mkekani na sisi, akamcheka Sam Boga hadi akajifuta machozi kwa upindo wa shati. Angesikia "wapigania uhuru", angenyanyuka akazima deki, namjua. Redio tu aliizimaga kwa makosa madogo kuliko hayo.

Sasa yule mtafsiri Kiingereza kilimpita kushoto, au alielewa vizuri, akafikiria nani wamekaa mkekani? Kaka anasema alikuwa Lufufu, yule mtafsiri maarufu wa kanda. Mimi nakataa, sauti ya Lufufu naijua. Na angekuwa yeye, bado nisingejua.

Aliyeigiza Xi jina lake halisi ni N!xau, alifariki Namibia mwaka 2003. Msimuliaji anatuambia watu wake hawajui hata kama kuna dunia nyingine, wakati miaka ile ile jeshi la makaburu lilikuwa linawaandikisha wakapigane vita visivyo vyao. Mtu kaongea filamu nzima, nimemwona mara labda thelathini, sijui neno lake hata moja. Nilizima kabla hajafika kwenye ukingo wa dunia kuitupa ile chupa.

Ujumbe wa Fadhili bado uko kwenye rasimu. Atakuja kesho kufuata fleshi yake, nitampikia wali wa nazi na sijui kama nitamwambia habari ya babu yake au nitanyamaza.

Halafu jioni hii mwenye nyumba kaniandikia: "Mama Nasra, Jumamosi upo?" Nimemjibu nipo. Kasoma, hajasema kitu. Kodi tumelipa mpaka mwezi wa tisa.