Picha thelathini na sita kwa wiki

Siku niliyofungua kabati kutafuta shuka za wageni, kamera ilikuwa pale pale nilipoiacha kabla mwanangu wa pili hajazaliwa. Miezi kumi na minne haijaguswa. Niliifuta vumbi, nikaielekeza dirishani, na ndani ya kioo cha lenzi nikaona nyuzi nyeupe zimetambaa kama utando wa buibui. Ukungu. Sisi watu wa Tanga tunaujua kwenye viatu vya ngozi na kwenye mikoba iliyotundikwa muda mrefu, lakini sikujua kwamba unaota hata kwenye kioo. Hewa yetu ina unyevu mwaka mzima, na kitu kilichofungiwa gizani huliwa polepole. Fundi aliniambia lenzi inaweza kufunguliwa ikasafishwa, ila gharama yake ingekaribia bei ya nyingine ya mtumba. Nililia. Nilikuwa nimeinunua kwa kudunduliza miezi minane.

Mimi ni mwalimu wa hisabati, sekondari. Nina mikondo minne ya Kidato cha Pili, kwa hiyo zoezi moja tu ni daftari zaidi ya 200 za kusahihisha. Nyumbani kuna watoto wawili, mama mkwe ambaye magoti yanamsumbua, na mume ambaye lori humtoa nyumbani siku nne katika saba. Miaka yote jibu langu kuhusu picha lilikuwa moja: nikipata nafasi. Likizo ya Juni ikifika nitatoka na kamera mpaka Raskazone, kule ufukweni, nitakaa kutwa nzima. Likizo ikafika, ikaja na harusi mbili, hitima moja na mitihani ya kusahihisha.

Baada ya ule ukungu nilikasirika vya kutosha kufanya kitu ambacho ninawafundisha wengine kila siku: kuhesabu. Wiki nzima niliandika dakika zangu nyuma ya daftari la maandalio ya somo. Nilitegemea kuona kwamba sina muda kabisa. Nilichokiona ni kingine. Muda wa kupiga picha nilikuwa nao, tena kila asubuhi, njiani kwenda kazini. Kilichonishinda ni kazi inayofuata baada ya kupiga. Kwenye kompyuta yangu kulikuwa na picha zaidi ya 6,000 ambazo hata mimi mwenyewe sikuwa nimezitazama. Zamani nikitoka Jumamosi moja narudi na picha 400, na kuzichambua kulihitaji usiku mzima ambao sikuwa nao, basi nikaziacha. Mara ya pili hivyo hivyo. Mara ya tatu nikaanza kuiogopa kamera yenyewe, maana kila nikiishika najiongezea deni.

Nikakumbuka mikanda ya filamu ya kamera za zamani. Nilipokuwa mdogo mpiga picha akija kwenye shughuli mtaani, mkanda wake ulikuwa na picha 36, na kila mtu alijua. Watu walijipanga, walitengenezwa kola, na yeye hakubofya mpaka aridhike. Ukiisha umeisha, unapelekwa kusafishwa. Nikajiwekea sheria hiyo: picha 36 kwa wiki, Jumatatu mpaka Jumapili. Nikizimaliza Jumatano, nasubiri Jumatatu. Jumapili usiku watoto wakilala nazitazama zote, inachukua dakika ishirini, nabakiza tatu au nne, nyingine nafuta. Nafuta kweli. Mwisho wa mwezi moja inakwenda kuchapishwa dukani, saizi ya postikadi.

Sheria hii ndiyo iliyonirudishia kamera, kuliko ushauri wote niliowahi kusoma wa kuamka saa kumi alfajiri. Mama wa mtoto anayenyonya aambiwe aamke saa kumi? Saa kumi ameshaamka, na hana mkono wa kushikia kamera.

Lenzi niliyonunua badala ya ile iliyoharibika ni moja tu, ya mtumba, milimita 50, isiyovuta wala kusogeza. Ukitaka kitu kiwe kikubwa, unasogea wewe. Nayo imeniokolea muda, kwa sababu sisimami njiani kuwaza nibadilishe ipi. Usiku kabla sijalala naiandaa: betri imejaa, ISO (kipimo cha wepesi wa kamera kuhisi mwanga) 400, tundu la lenzi linalopitisha mwanga f/4, kofia ya lenzi natoa kabisa naweka mfukoni. Inalala kwenye ndoo ya plastiki yenye mfuniko wa kubana, pamoja na vile vifuko vidogo vya kunyonya unyevu vinavyokuja ndani ya maboksi ya viatu. Walimu wenzangu wananiwekea. Kila baada ya siku chache naitoa ipate mwanga na hewa, na kwa kuwa naitumia kila wiki, hilo linajitendea lenyewe.

Natoka nyumbani na baiskeli saa 12:40. Kwa wasioijua Tanga, huu ni mji wa baiskeli. Wanawake wa rika zote wanaendesha, bibi kwa binti, kanga au baibui imekunjwa vizuri isiingie kwenye mnyororo. Napita mitaa ya Ngamiani, ile ambayo barabara zake zina namba badala ya majina, navuka reli, nashuka upande wa mjini. Bila kusimama ni dakika ishirini. Shuleni natakiwa niwe nimefika saa 1:20, kwa hiyo nina dakika ishirini zangu, isipokuwa wiki ya zamu, ambapo lazima niwe getini mapema na kamera inabaki ndooni.

Dakika ishirini hizo hazilingani mwaka mzima, na hili nililigundua kwa macho kabla sijalipigia hesabu. Novemba jua letu linachomoza kabla ya saa kumi na mbili kamili; nikitoka nyumbani limeshapanda. Julai linachomoza kama saa 12:33, Februari karibu na hapo hapo. Huku karibu na Ikweta jua halichezi, linapanda wima, nyuzi 14 au 15 kwa saa. Likiwa nyuzi 10 juu ya upeo, mtu wa mita 1.7 ana kivuli cha mita 9.6. Likifika nyuzi 30 kivuli kimebaki chini ya mita 3, na ule mwanga wa rangi ya asali umekwisha. Ndiyo maana Julai nakuwa mroho wa picha na Novemba napiga chache, nyingi za kivulini, barazani au chini ya miembe.

Zile hesabu za kivuli niliziingiza darasani. Nilichapisha picha ya msichana juu ya baiskeli, kivuli chake kimelala barabara nzima, nikawauliza wanafunzi jua lilikuwa nyuzi ngapi. Tanjenti, yaani urefu wa kitu kugawanywa kwa urefu wa kivuli chake, ambayo huwa naisukuma kama gari bovu, siku hiyo waliibishania mpaka kengele ikalia. Mmoja akataka kujua kama urefu wa baiskeli nao uhesabiwe. Uhesabiwe, ndiyo. Kaa juu ya siti upime.

Ninachojifunza sasa ni kumfuata mwendesha baiskeli kwa kamera. Unashusha kasi ya shata, kile kifuniko kinachofunguka kuingiza mwanga, mpaka 1/30 ya sekunde, unageuka naye kwa kiuno huku unabofya, naye anaonekana wazi pichani wakati ukuta wa nyuma unakuwa mistari. Ni kugumu. Katika kumi nabahatisha moja. Wiki nzima ya Februari niliimaliza kwa mama mmoja anayepita na mtoto kwenye keria na mwavuli uliofungwa ubavuni, na sikuambulia kitu. Wiki iliyofuata, picha ya nne, nikampata: uso wake umetulia, spoku zimeyeyuka, mtoto amelaza shavu mgongoni kwake. Nilimwonyesha keshoye. Alicheka, akasema, "Mwalimu, kumbe asubuhi zote zile ulikuwa unanivizia?" Nikamwomba radhi kwa kutoomba ruhusa mapema, na sasa naomba kwanza.

Nimeulizwa sana kwa nini sipigi harusi. Ukiwa na kamera kubwa hapa, jamaa wote wanakuwa na send-off. Nilipiga tatu. Jumamosi yote ilikwenda, picha 900 kila moja, kisha simu za "zangu ziko wapi" huku nasahihisha. Hiyo ni kazi ya watu, wenye wasaidizi na taa zao, na wanastahili kulipwa vizuri. Mimi nikiombwa leo naelekeza kwao. Kuna mwenzangu ofisini anaamini kitu kisichokuingizia pesa ni kupoteza muda, na ananipenda, anasema kwa nia njema. Kwangu mimi, dakika hizi ishirini ndizo pekee kwa siku ambazo hakuna anayenidai kitu.

Kwenye kona moja ya Ngamiani kuna mzee anayetengeneza baiskeli chini ya mwarobaini. Wiki mbili nilimsalimia tu, kamera begani. Shikamoo mzee. Marahaba mwalimu, watoto hawajambo? Wiki ya tatu alijaza upepo tairi langu, akanikatalia pesa, nikamwomba nimpige picha akiwa kazini. Ile iliyotoka naiona ndiyo picha bora niliyowahi kupiga: mikono miwili myeusi kwa grisi imeshika ringi, jua linapita kati ya spoku, vivuli vyake vimechora mistari mpaka kwenye vidole. Mwezi huo ndiyo niliyoichapisha. Niliiweka ndani ya bahasha nikampelekea.

Aliitazama muda mrefu, akaigeuza nyuma, akairudisha mbele.

"Mwalimu, hii mikono ya nani?"

"Yako, mzee."

"Mimi mwenyewe niko wapi?"

Alinieleza anachotaka. Asimame wima kando ya baiskeli yake, si ya mteja, mkono mmoja juu ya usukani, amevaa kanzu na kofia, aonekane mpaka viatu. Ampelekee binti yake aliyeolewa Pemba. Tumekubaliana Jumatatu, na amesema kabla ya saa moja atakuwa ameshavaa. Nimemtengea picha sita kati ya thelathini na sita, na hiyo itakayotoka ndiyo ya kuchapishwa mwezi huu.