Mlima wa kuingia mfukoni

Darasa la uchoraji sijawahi kukaa. Nilikuwa mgumu, yaani mpagazi, njia ya Marangu ya Mlima Kilimanjaro, na mtu aliyebeba mzigo wa mgeni kichwani habebi turubai. Nilichopanda nacho ni penseli na vipande vya karatasi ngumu vyenye ukubwa wa kitambulisho cha NIDA. Picha zangu zikawa ndogo kwa sababu hiyo tu, na mpaka leo sijaona haja ya kuzikuza.

Rangi niliziacha nyumbani. Kituo cha Horombo, mita 3,720 juu ya usawa wa bahari, jioni rangi ya maji haikauki vizuri, na ukifika kibanda cha Kibo usiku maji yenyewe yanaganda. Kwa hiyo juu nilichora mistari na kuandika pembeni: "majivu", "kutu", "kijani cha mgomba mkavu". Kupaka nilipaka nikishashuka.

Kilichonisumbua sana ni theluji. Rangi nyeupe ya bei rahisi ikikauka inakaa kama chokaa ya ukutani. Nikaona dawa yake ni kutoipaka kabisa: weupe wa karatasi ndio theluji. Naanza na anga, nateremka hadi kwenye mawe, nikizunguka sehemu ya barafu bila kuigusa. Kisha brashi namba 0, naikamua kwenye kitambaa mpaka ikaribie kukauka, napitisha kivuli chembamba cha buluu upande mmoja. Kwenye karatasi ya ukubwa ule, tone moja likizidi limemeza barafu yote. Vya mbali navizidishia maji na buluu, msitu wa chini naukoleza.

Kilele cha Mawenzi ni rahisi zaidi, miamba yake imechongoka na penseli inapata pa kushika. Kilele cha Kibo ni duara, na duara halifichi mkono uliotetemeka.

Kuna jioni mpishi wetu alinikuta Horombo nachora msenesio, mti wa huko juu mlimani.

"Dogo, hayo majani makavu shinani unayachora yote ya nini? Yafute, mti upendeze."

"Mkuu, hilo ndilo koti lake. Ukilivua, baridi inaua shina."

Akacheka, akarudi kwenye uji wake. Lakini ni kweli: msenesio hauangushi majani yaliyokufa, unayavaa yakinge shina lisigande. Nilipolijua hilo niliacha kuyachora kama takataka.

Wengi walinishauri nifanye michoro ya Tingatinga, ndiyo inayouzika. Ninaiheshimu; Edward Saidi Tingatinga naye hakusomea, na alipoanza Dar es Salaam mwaka 1968 alipaka rangi ya mafuta kwenye vipande vya ubao. Ila ile inataka rangi nzito inayong'aa, na ukungu wa mlima wangu unataka maji mengi. Tena picha yangu mtalii anaichomeka ndani ya pasipoti, bila hata kuuliza bei ya kuisafirisha.

Sasa nahangaika na lobelia, mmea mwingine wa huko juu. Maua yake ya buluu yamejificha katikati ya majani, na kwa ukubwa ninaochora, buluu hiyo ni ncha ya brashi tu.