Masaji si mafuta tu jamani
Nyie mnaosema masaji ni kupaka mafuta na kukandakanda, njooni hapa. Binamu yangu kaenda Texas akidhani atafika tu na mikono yake ya Kampala aanze kazi, wapi! Kule bila leseni ya jimbo hugusi mgongo wa mtu kwa hela, lazima kwanza usome masaa 500, misuli, mifupa, magonjwa, alafu mtihani wa leseni ya masaji, unaitwa MBLEx, maswali 100, na alama za vidole juu. New York ndo balaa, masaa 1,000. Mimi huku Ntinda, Kampala, mwalimu alinikomalia na vigimbi tu, mguu mmoja ukivimba na una joto usiukande kabisa, huenda damu imeganda, mpeleke mteja hospitali. Sasa kuna mdada anataka nimfundishe jumamosi, eti jumatatu afungue spa 😂