Siku Glasi Ilipobishana na Kitabu

Kipindi changu cha kusoma kiliangukia saa nane mchana, saa ambayo hata mwalimu mwenyewe anameza miayo. Watoto walikuwa 24, nakala za kitabu cha sayansi nane. Kwa hiyo kila kitabu kilikuwa na watatu: mmoja anasoma kwa sauti, wa pili anafuata kwa kidole, wa tatu anatazama nje ya dirisha.

Wiki ile tulikuwa kwenye sura ya hewa. Neno "oksijeni" walilisoma kama mtu anavyosoma jina la mgeni asiyemhusu. Jioni moja nikaona haiwezekani kuendelea hivi, na kesho yake nikaingia darasani na mishumaa, sahani, glasi, kiberiti na chupa ya maji niliyotia matone ya wino ili yaonekane vizuri. Jaribio lenyewe lilikuwemo kwenye ukurasa uleule tuliokuwa tukiusoma, na jibu lake limeandikwa chini ya picha: mshumaa ukifunikwa na glasi hutumia oksijeni, oksijeni ikiisha moto huzima, maji hupanda kujaza nafasi iliyoachwa. Na kwa kuwa oksijeni ni karibu moja ya tano ya hewa, maji nayo hupanda karibu moja ya tano ya glasi. Hesabu imekaa sawa kabisa. Mimi nilifundishwa hivyo, na kwa miaka nikawafundisha wengine hivyohivyo.

Kabla ya kuwasha njiti niliwasimulia kidogo habari za mwanasayansi Michael Faraday, mtoto wa mhunzi aliyepelekwa kujifunza kazi ya kujalidi vitabu huko London mwaka 1805, akiwa na miaka 14. Vitabu vilivyoletwa kujalidiwa alivisoma, na yale aliyoyasoma aliyajaribu kwa vifaa alivyoweza kumudu, aone kama ni kweli. Mtu huyohuyo, mwishoni mwa 1860, akiwa na miaka 69 na jina kubwa duniani, alisimama mbele ya watoto na kuanza mihadhara sita kuhusu kitu kimoja tu: mshumaa. Watoto wakacheka. Mihadhara sita ya mshumaa!

Nikawasha, nikafunika. Moto ukanywea, ukazima, maji ya wino yakapanda ndani ya glasi. Makofi. Nami nikaanza kukusanya vitu, kwa kuwa jibu tulikuwa nalo tayari.

"Mwalimu, mbona maji hayakupanda moto ulipokuwa unawaka?"

Aliyeuliza alikuwa binti ambaye zamu yake ya kusoma ikikaribia alishikwa na kikohozi. Kusoma kulimtesa, alikwenda silabi kwa silabi kama mtu anayevuka mto kwa kukanyaga mawe. Lakini wakati wa jaribio alikuwa amepiga magoti, macho yake sawasawa na sahani.

"Soma chini ya picha," nikamwambia. Hata leo nikikumbuka sauti niliyoitumia naona aibu.

Akasoma. Polepole, bila kukohoa, mpaka nukta. Kisha akainua uso. "Kama ni oksijeni, si yangepanda kidogokidogo tangu mwanzo? Haya yamengoja moto uzime, ndipo yakapanda kwa haraka."

Mvulana mmoja akadakia kwamba yeye aliona viputo vikitoka pembeni ya glasi. Nikasema huenda ameona vibaya. Binti akanitazama. "Lakini mwalimu, si umesema yule mjalidi vitabu alikuwa anajaribu aone kama ni kweli?"

Nikakosa pa kujificha. Tukarudia. Safari hii vichwa vyote 24 vilikuwa chini, na viputo vilionekana waziwazi vikiponyoka ukingoni mara tu nilipofunika. Tukaweka alama ya chaki pale maji yalipofika. Kisha mtu akasema, tuweke mishumaa mitatu. Glasi ni ileile, oksijeni iliyomo ni ileile. Kama kitabu kinasema kweli, maji yatafika alama ileile.

Yalipita alama. Tena kwa mbali, na darasa zima likapiga kelele hadi mwalimu wa jirani akachungulia mlangoni.

Ilinibidi nikae kwenye dawati la mwanafunzi nifikiri pamoja nao, maana sikuwa na jibu mfukoni. Tukalipata kwa kuungaunga. Moto hupasha hewa joto, hewa hutanuka, na kiasi fulani hutoroka: ndiyo vile viputo. Moto ukizima, hewa iliyobaki hupoa na kusinyaa, na hewa ya nje ikayasukuma maji kuingia ndani. Mishumaa mitatu ina joto zaidi, basi hewa inayotoroka nayo ni zaidi. Baadaye nilipokwenda kusoma kwa makini nikakuta hata lile la oksijeni kuisha si kweli: mshumaa huzima huku nyingi bado imo, na ile iliyotumika hugeuka kaboni dioksaidi na mvuke. Ile moja ya tano ilikuwa bahati tu ya glasi na mshumaa.

Kipindi kilichofuata hakuna aliyetazama dirishani. Walisoma maelezo ya chini ya picha kama mawakili, neno kwa neno, wakitafuta pa kukamata. Kisha kila kundi likaandika maelezo yake kwenye kipande cha karatasi na kukibandika juu ya yale ya zamani. Vitabu vinane, karatasi nane. Ya kundi la yule binti aliiandika yeye mwenyewe, akifuta na kuandika upya mpaka karatasi ikakaribia kutoboka: "Hewa imepoa imesinya maji yameingia. Tumeona."

Kwenye "imesinya" aliacha herufi moja. Sikumsahihisha siku ile.